Sikio la Kikombe

Mtu aliyekwenda kuposa katika mtaa ule wa nyuma ya msikiti, pale Kasongo, aliambiwa mapema na wenzake: usimwogope baba wa binti, mwogope mwanamke anayegawa chai.

Mwanamke huyo alikuwa Aziza. Mjane, mtoto hakujaliwa, miaka sitini ameipita, na goti lake la kushoto liliijua mvua kabla ya mawingu. Cheo hakuwa nacho. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini, familia ikipata wageni wa posa, au ndugu wakigombea mpaka wa shamba, ujumbe ulimfikia: "Shangazi, njoo utugawie chai." Naye alijifunga kitenge cha pili, akaenda, akagawa, akakaa pembeni karibu na birika, kinywa kimefungwa. Wanaume walisema. Walisema mpaka mate yakawakauka. Aziza aliangalia miguu.

"Maneno ni nguo ya Idi," alizoea kusema. "Kila mutu iko na moja nzuri, hata mwizi. Mwili ndiyo nguo ya shamba."

Alianzia mlangoni, kwenye ndara. Mtu mwenye wasiwasi huziacha zimeelekea nje, tayari kwa safari. Halafu kupokea chai. Aliyelelewa na heshima alinyoosha mkono wa kuume, wa kushoto ukashika kiwiko wenyewe, bila kufikiri. Aliyekumbuka heshima katikati ya njia alimwaga matone. Halafu maneno. Mtu anayesema kweli, mkono wake huondoka kabla ya neno. Mwongo hutoa neno kwanza, ndipo mkono unalifuata mbio, kama mbwa aliyeachwa nyuma. Na mwisho kabisa, vidole vya miguu. Uso hufundishwa tangu utotoni, lakini vidole vya miguu hakuna mama aliyewahi kuvifundisha.

Mazungumzo yakiisha, alisimama kukusanya vikombe. Akianza na kikombe cha mposaji, akakishika kwa mikono miwili, baba wa binti alijua kwamba mtu ni safi. Akikusanya vyote, kile kimoja akakiacha mkekani, baba alikohoa na kusema familia inaomba muda wa kufikiri. Muda huo haukuisha kamwe. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa, na wageni waliojua mambo, wakiona kikombe kimebaki, walitafuta ndara zao wenyewe.

Elimu hiyo Aziza hakumpa mtu. Isipokuwa Consolée.

Consolée alikuwa mtu wa shamba, Mkristo, wazazi wake walilima upande wa Wamaza. Alipoolewa Kasongo alianza kuuza unga wa muhogo sokoni, meza yake ikapakana na ya Aziza aliyeuza sabuni na chumvi. Miaka ishirini na minane walipakana hivyo. Mwanzoni Consolée alisimama mabega yameanguka, mikono ameikunja tumboni kama mtu anayesikia baridi, na kila mnunuzi alimwonea. Siku moja Aziza alichoka kuangalia, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Fabrice, unga huo unauuza ama unauombea msamaha?"

"Dada, watu wa hapa wako wakali."

"Si wakali. Wewe ndiye unawakaribisha. Toa mikono tumboni. Weka mmoja juu ya kipimo, kipimo ni chako. Na ukikataa bei, usicheke. Kinywa kinakataa, meno yanakubali, watasikia nani?"

Consolée alicheka, hapohapo akafunga mdomo, wote wawili wakacheka zaidi. Lakini alishika somo. Mwezi haukuisha, wanunuzi walianza kumwita "Mama" kwa adabu. Mwaka fulani karani mmoja wa biro, ofisi ya ardhi, alikuwa akimzungusha kwa karatasi ya shamba la marehemu mumewe: rudi kesho, rudi Jumatatu. Aziza akamwambia, "Unamusimamia mlangoni na mfuko umeukumbatia. Anaona mutu wa kuondoka. Kesho ingia, kaa, mfuko uweke chini. Mutu mwenye mfuko chini hana haraka." Consolée aliweka mfuko chini. Karatasi ikapigwa muhuri kabla ya adhuhuri, na siku hiyo alimletea Aziza kuku mzima.

Toka hapo alitaka kujua yote. Na Aziza, aliyeishi miaka mingi akiangalia watu bila mtu wa kumwambia alichokiona, alimwambia. Ndara. Kiwiko. Mkono na neno. Vidole vya miguu. Mvua ikipiga bati la soko na wanunuzi wamekimbia, walikaa wakisoma wapita njia kama watu wanaosoma gazeti.

Siku moja ya mvua kama hiyo Consolée alisema, "Iko moja umenificha."

"Ipi?"

"Ya mwisho. Kila mganga anaficha ya mwisho."

Hakuna iliyofichwa. Lakini Aziza alipenda mzaha, akainama kama mtu anayetoa siri ya kaburi. "Mutu wa kweli kabisa, akimaliza chai, anafunika kikombe na kiganja kidogo, kama kuku anafunika kifaranga. Kiisha anageuza sikio la kikombe, pale kidole kinaingia, limwangalie yule aliyemupa."

Alingoja kicheko. Consolée hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, macho yamemtoka, akarudia kwa midomo: kama kuku na kifaranga. Aziza aliona haya kusema ni mchezo. Akaacha. Miaka sita ikapita juu ya neno hilo, hata akalisahau.

Sasa, Aziza alikuwa na kaka, Amisi, mwenye duka dogo la vitambaa. Mke wa Amisi alifariki akimwacha binti wa miaka mitatu, Asma, na Aziza ndiye aliyembeba mgongoni, akamsuka, akamsomesha ushonaji. Hakumzaa, lakini ukimkata Asma, damu ilitoka kwa shangazi. Asma alipotimiza miaka ishirini na miwili, akaja Djamali.

Djamali alikuwa mnunuzi wa dhahabu Salamabila, kwenye machimbo, na mwenye shimo lake mwenyewe. Alimwona Asma harusini kwa jamaa, wakapeana namba za simu, na kuanzia hapo binti alitembea uani akitabasamu peke yake. Djamali alimtumia Amisi neno kwamba anakuja na mjomba wake, kwamba hajaoa bado, na kwamba akipewa Asma atampeleka Salamabila.

Hapo ndipo roho ya Aziza iliposhikwa. Salamabila si mtaa wa pili. Ni siku mbili za pikipiki barabara ikiwa na huruma, na wiki ikiwa haina. Mke akilia huko, nani atasikia?

Asubuhi ya posa Asma alimshika mikono. "Shangazi, ninamupenda. Usimutafutie kasoro."

"Sitafuti kitu, mwanangu. Nitaangalia tu kile iko."

"Na ukikiacha kikombe?"

"Nitakuwa nimekiacha kwa sababu."

Consolée alikuja mapema kusaidia, kama ndugu. Wiki mbili kabla alikuwa ameaga kwenda kumzika shangazi yake kwao Wamaza, na Aziza alimlilia shangazi huyo wa watu bila kumjua. Sasa aliketi kwenye mlango wa uani akipepea makaa, na alimwambia Asma aliyejificha nyuma ya pazia, "Tulia. Leo mambo yatakuwa muzuri, moyo unaniambia."

Wageni waliingia baada ya alasiri. Mjomba, mzee Faradji, alikuwa mtu wa maneno mengi. "Tusameheni matope, ndugu zetu. Barabara ile! Hata pikipiki ilikuwa inaomba dua."

"Na ilijibiwa?" Amisi akauliza.

"Mara mbili ilitulaza matopeni kwanza."

Wakacheka. Aziza hakucheka, macho yake yalikuwa mlangoni. Ndara za Djamali zilielekea ndani, zimekaa sambamba, tulivu kama vifaranga wawili waliolala. Akampa chai. Mkono wa kuume, wa kushoto kwenye kiwiko, hata tone halikuanguka. Amisi akamuuliza kazi yake, jamaa zake, na kama ana mke popote. "Sina, baba," Djamali alisema, na kiganja chake kilifunguka mbele ya neno. Macho aliyaweka kwenye kifua cha Amisi, si usoni kama mwenye kiburi, si chini kama mwizi. Miguu yake ilitulia mkekani.

Moyo wa Aziza ulifunguka. Miaka yote ile hakuwahi kuona kijana wa namna hii. Akajiona tayari akishika kikombe kwa mikono miwili, akaona pazia likitikisika kwa furaha, akawaza: Salamabila ni mbali, lakini mtu mzuri hufupisha njia.

Djamali akamaliza chai. Akaweka kikombe chini. Akakifunika kwa kiganja, taratibu, kama kuku na kifaranga. Kisha akageuza sikio la kikombe likamwangalia Aziza.

Kwanza hakuelewa. Ilikuwa kama kusikia mtu akiita jina lako la utotoni katika mji usioujua. Kisha mvua ile ya soko ikarudi, na bati, na uso wa Consolée ukirudia kwa midomo.

Labda ni bahati tu, alijiambia. Mikono ya watu ina vituko. Akachukua birika, akamwongeza chai. Djamali akanywa, akangoja mpaka Aziza amwangalie, ndipo akafunika na kugeuza tena. Kama mtoto anayerudia aya mbele ya mwalimu.

Basi yote ilikuwa somo: ndara, kiwiko, kiganja, hata utulivu wa miguu. Kila alichokuwa amekifurahia tangu alasiri kilikuwa mali yake mwenyewe, kimeibiwa, kimevishwa mtu mwingine, kimeletwa kumdanganya yeye. Na mtu hafundishwi kutembea isipokuwa ana kilema cha kuficha.

Aziza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kugawa chai. Akasema.

"Mwanangu Djamali. Mama Fabrice alikupata na afya, wiki ile alikuja kwenu?"

Hakuna aliyemfundisha Djamali jibu la swali hilo. Vidole vyake vya miguu vilijikunja, vikashika mkeka kama kuku anayeteleza tawini. Mkono ukaruka shingoni. Na macho yake, kabla hajayazuia, yalikimbilia mlango wa uani.

Aziza akageuka kuyafuata. Pale mlangoni upepeo ulikuwa umesimama. Consolée alikuwa amesimama pia, mabega yameanguka, mikono ameikunja tumboni, vilevile kama siku ya kwanza sokoni, kama miaka ishirini na minane haikuwahi kupita.

"Sijui... mama gani?" Djamali alisema. Neno lilitoka, na mkono haukulifuata kabisa.

Aziza akainuka. Akakusanya kikombe cha Faradji, cha Amisi, chake mwenyewe. Cha Djamali akakipita. Amisi akakitazama kile kikombe kimoja mkekani, akamtazama dada yake, akakohoa.

"Tumewasikia, ndugu zetu. Familia inaomba muda wa kufikiri."

Mzee Faradji alikuwa mtu wa zamani, alijua maana ya kikombe. "Haya," alisema bila mzaha tena. "Djamali, tafuta ndara."

Pazia lilifunguliwa kabla wageni hawajafika barabarani. Asma hakulia. Alisimama wima mbele ya shangazi yake na kusema kwa sauti ndogo, "Umeniua. Nilikuomba kitu kimoja."

"Asma, ngoja. Mama Fabrice, ingia ndani. Mwambie mutoto."

Consolée akaingia. Alichukua muda mrefu kufika katikati ya chumba kidogo kile.

"Sikuzika mutu Wamaza," alisema. "Hakuna aliyekufa. Nilikwenda Salamabila kuona Fabrice. Fabrice anatumika kazi kwa Djamali, katika shimo lake la dhahabu. Djamali akanikalisha, akaniambia: huyo mwanamke wa chai ni rafiki yako, nifundishe anachoangalia. Ukikataa, Fabrice atoke leo, na hakuna shimo lingine litamupokea, nitasema ni mwizi. Nikamufundisha. Siku tatu. Alikuwa mwanafunzi muzuri." Akamtazama Asma. "Iko na muke Wamaza. Na watoto wawili. Alimurudisha kwa wazazi wake, tumbo la tatu likiwa ndani."

"Uongo," Asma alisema. Akamgeukia Aziza, na sauti yake sasa ilikuwa ya yule mtoto wa miaka mitatu. "Shangazi, wewe unajua watu. Muangalie. Anasema kweli?"

Aziza akamwangalia Consolée. Aliona viganja vilivyofunguka. Aliona mkono unaotangulia neno, macho yaliyokaa kifuani, miguu iliyotulia. Kila dalili ya kweli ilikuwapo, moja baada ya nyingine, mahali pake. Na kila moja aliiweka yeye.

"Sijui," alisema.

Asma alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kinywa kile.

"Sijui, mwanangu. Baba yako apige simu Wamaza. Iko mutu alisoma naye chuoni kule."

Asubuhi Amisi alipanda kilimani pale mtandao unapokubali, akapiga. Rafiki yake wa chuo aliomba saa mbili, akaenda mwenyewe kwa miguu. Alipopiga tena alisema amemkuta mwanamke akianika muhogo mbele ya nyumba ya baba yake, tumbo kubwa, watoto wawili pembeni. Alimuuliza mumewe ni nani. Akasema Djamali wa Salamabila, na kuuliza kama ametuma habari.

Amisi alirudisha posa kwa maneno machache na heshima yote. Asma alikaa ndani siku nane. Siku ya tisa alitoka, akakaa mbele ya cherehani yake, na Aziza alipompitishia chai aliipokea. Hakusema asante, lakini mkono wa kushoto ulishika kiwiko, wenyewe.

Kuhusu Consolée, mtaa haukuambiwa. Aziza alisema tu sokoni kwamba mama huyo ni mgonjwa, na jioni alipofunga meza yake alifunika ile ya jirani kwa turubai ili mvua isiharibu mbao. Mtu akiuliza kwa nini anajisumbua, alisema mbao hazijamkosea. Familia mbili zilituma watu: "Shangazi, njoo utugawie chai." Zote mbili alijibu kwamba goti linauma. Kweli lilikuwa linauma. Lakini goti halikuwahi kumzuia kwenda.

Usiku hakulala kwa kuhesabu. Nani mwingine alifundishwa? Yule kijana wa mwaka jana aliyemfanya ashike kikombe kwa mikono miwili, alikuwa yeye mwenyewe? Na Consolée, siku ile ya kuku, alipomkumbatia akilia kwa furaha ya muhuri, kulikuwa kulia kwa kweli? Na mwaka Aziza alipofiwa na mume, yule aliyekaa naye mkekani siku arobaini bila kurudi kwake isipokuwa kuoga? Alijaribu kumkumbuka Consolée wa wakati ule, kabla ya masomo, aone kama uso ulikuwa tofauti. Uso ulikuwa uleule. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi ya yote.

Wiki ya tatu, siku ya gulio, Consolée alikuja. Alikuja hadi mbele ya meza ya sabuni, akasimama mahali wanaposimama wanunuzi. Alikuwa amekonda. Fabrice alikuwa amefukuzwa Salamabila, watu walisema, amerudi kwa miguu kuanzia Wamaza.

"Dada Aziza." Mkono wake ulifunguka kabla ya neno. "Nilikuuza. Sina jina lingine la kuita jambo hilo. Niliogopa juu ya mutoto, nikakuuza wewe. Nisamehe."

Aziza alimwangalia kuanzia juu kushuka. Macho kifuani. Mabega wima. Mikono wazi. Akafika kwenye vidole vya miguu ndani ya ndara za plastiki. Vilikuwa vimetulia, vimeelekea kwake, vyote kumi.

"Toa hiyo mikono," alisema.

Consolée akaishusha. "Niiweke wapi?"

"Pale ulikuwa unaiweka kabla sijakufundisha."

Consolée akajaribu. Akaikunja tumboni, akaona si penyewe, akaiachia ikaning'inia, akaikunja tena. Mabega yakaanguka. Machozi yakatoka, naye hakuyapangusa, na Aziza aliyaangalia yakishuka akitafuta ndani yake ile sauti ndogo ambayo kwa miaka ishirini ilimwambia hii ni kweli, hii si kweli. Ilinyamaza. Ilikuwa kama kutia mkono katika mfuko uliouzoea na kukuta umetoboka.

"Ninasema kweli, dada."

"Labda," Aziza alisema. "Labda unasema. Zamani ningejua."

Mwanamke mmoja akafika kutaka sabuni, vipande viwili, vya kufulia. Aziza akamgeukia, akamchagulia vikavu, akamfungia katika karatasi, akamuuliza habari za watoto. Alipomaliza akapanga upya sabuni zilizobaki, polepole, moja juu ya nyingine, ingawa zilikuwa zimepangwa tayari.

Alipoinua macho, Consolée alikuwa angali pale. Mfuko wake alikuwa ameuweka chini.